Vimondo Chini ya Mulika Mwizi

Mtaani kwetu Kaloleni, Nairobi, maendeleo yalifika siku walipotuletea mulika mwizi. Kwa asiyeujua, mulika mwizi ni mlingoti mrefu wa chuma wenye mataa makubwa juu, ya kutosha kumulika uwanja mzima, nyumba zote zinazouzunguka na ndoto za waliolala ndani yake. Siku ya kuuwasha alikuja mheshimiwa na msafara wake, kina mama wakacheza, tukagawiwa fulana zilizochujuka kabla ya kufuliwa, na mheshimiwa akatutangazia kwamba giza limekwisha Eastlands. Alisema kweli. Tangu siku hiyo sijalala gizani. Jogoo wa jirani alichanganyikiwa akawa anawika kabla watu hawajala chakula cha jioni. Wezi nao, ambao sherehe yote ile iliandaliwa kwa heshima yao, walishukuru kuliko sisi, maana sasa wanaona vizuri wanachokichukua.

Sikuwa na ugomvi na taa hiyo. Niliweka pazia zito, nikashukuru kama wenzangu. Ugomvi ulianza mwaka ambao Baba alitaka kuona vimondo.

Mimi ni mwalimu wa sayansi. Kila mwaka nawafundisha watoto wa gredi ya nane kwamba kimondo ni kijiwe kidogo, pengine kama punje ya mchanga, kinachoingia angani kwa kasi kikaungua na kuacha mstari wa mwanga. Nawaambia kwamba katikati ya Desemba dunia hupita mahali palipojaa vijiwe hivyo, na mtu akikaa gizani akatazama juu ataviona vikishuka kimoja baada ya kingine. Nachora ubaoni. Naweka mishale. Watoto wananakili mishale. Mmoja aliwahi kuniuliza, "Madam, wewe umewahi kuviona?" Nikamwambia aketi, kipindi kimekwisha. Kilikuwa hakijaisha.

Aliyeviona ni Baba. Kabla ya kustaafu alikuwa soja, yaani mlinzi wa usiku, kwenye ghala moja huko Industrial Area, enzi ambazo taa zilikuwa chache. Alilipwa kutazama geti, akatazama mbingu. Ghala halikuwahi kuvunjwa akiwa zamu, jambo lililomthibitishia kwamba wezi humwogopa sana mtu anayeangalia juu. Kila Desemba alirudi asubuhi na vumbi miguuni, akatuhadithia nyota zilizoanguka usiku ule, huku marehemu Mama akimkumbusha kwamba chai inapoa.

Alikuwa na nadharia yake. Desemba kila mtu wa Nairobi hufunga virago akaenda ushago, kijijini kwao, kula Krismasi, na nyota nazo ni watu wa Nairobi. Zinaenda kwao. Zilizoelekea magharibi zilikuwa za kwetu kabisa, na hizo ndizo alizozisifu kwa ukubwa. Nilipotoka chuo cha ualimu nikiwa na akili mpya nilimweleza habari za vijiwe, kasi na anga. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Hata hivyo vijiwe, mama," akasema, "vina kwao." Ananiita mama kwa kuwa nina jina la mama yake mzazi. Kwa heshima hiyo hakuwahi kunichapa, na kwa ukaidi wa ukoo huohuo hakuwahi kukubali kwamba nimemshinda kwa hoja.

Ugonjwa wa macho ulimjia kimyakimya. Ni ule wa presha ya jicho, usiouma wala kuwasha, unaoanza kumega pembeni ukielekea katikati. Baba aligonga miimo ya milango kwa muda mrefu akiilaumu milango. Alimwaga chai akalaumu meza. Tulipompeleka kliniki hatimaye, daktari alichukua karatasi, akachora duara dogo katikati. Hapo, alituambia, ndipo mzee anapoona. Kwingine kote kumezimika na hakutarudi, na hicho kiduara nacho kinaendelea kujifunga. Matone yatachelewesha, hayatazuia. Akauliza kama tuna swali.

Baba alikuwa nalo. "Desemba nitakuwa bado naona?"

"Ya mwaka huu, Mungu akipenda," daktari akasema. "Ya mwaka kesho, mzee, usiitegemee."

Tulirudi nyumbani. Tulipofika mlangoni akaniambia anachotaka. Hakutaka mbuzi wa Krismasi, hakutaka maombi ya kuwekewa mikono, hakutaka watoto wa ndugu zake waje kumlilia akiwa hai. Alitaka aone kimondo kimoja, kimoja tu, kabla ya macho kufungwa. Akaongeza sharti: mtaani wasijue. Mtu aliyelinda mali za watu gizani miaka yote hiyo hakutaka isemwe kwamba sasa haoni mchana. Nilimwahidi. Niliahidi yote mawili kwa wepesi wa mtu asiyejua anachosema.

Mwenye akili atauliza kwa nini tusimpeleke ushago, kwenye giza la Mungu. Swali zuri. Ndugu yangu mdogo, anayeishi Mukuru kwa Njenga na kufanya vibarua viwandani, alimpigia simu binamu yetu kule nyumbani, magharibi, kumuuliza giza la huko likoje mwaka huu. Binamu alikasirika. Alidhani tunamdharau.

"Giza gani?" akafoka, simu ikiwa kwenye spika. "Sisi tuko na mulika mwizi mbili sasa. Moja iko soko, ingine iko hapa kanisani. Mnadhani ni nyinyi tu mnaendelea?"

Isitoshe, kliniki ya macho ilikuwa wiki ileile ya vimondo, na daktari alishatuonya kwamba hiyo haikosi. Kwa hiyo tukabaki na njia moja, taa ya Kaloleni izimwe usiku mmoja. Niliiona ni kazi ndogo.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa Nyumba Kumi. Huyu ni jirani tuliyemchagua ajue mambo ya kila nyumba kwa ajili ya usalama, kazi aliyokuwa akiifanya kwa bidii hata kabla hatujamchagua. Alinikaribisha kiti, akanisikiliza kwa upole ambao watu humwekea mgonjwa.

"Mwalimu, izimwe?"

"Izimwe. Masaa mawili tu."

"Ndio mfanye nini?"

"Tuangalie vimondo. Nyota zinazoanguka."

Akafikiri. "Na zikianguka, zitaangukia nani?"

Nikamweleza kwamba haziangukii mtu. Akasema jambo lenyewe ni zito kuliko yeye, akaitisha baraza Jumapili baada ya kanisa, nje ya ukumbi wa mtaa. Watu walijaa. Kaloleni ukiita mkutano wa kuzoa taka utakutana na mbwa wawili. Ukisema kuna mtu anataka giza, wanakuja hata waliohama.

Wa kwanza alisema anayetaka giza ana yake. Wa pili, kijana wa kwaya mwenye tai, alikumbusha kwamba kuanguka kwa nyota kumeandikwa, na kwamba zikianguka si za kutazamwa, ni za kutubu. Wa tatu aliuliza kama mradi huu una wafadhili, na kama wafadhili wataleta soda. Kisha akasimama mama anayekaanga samaki chini ya mlingoti, mwanamke mwenye sauti inayofika stesheni bila kupanda gari. Ninanunua samaki kwake tangu Mama akiwa hai.

"Mwalimu, mimi nakuheshimu, umenifunzia watoto," alisema. "Lakini samaki haikaangwi giza. Nikiuzia mtu mwiba akwame, wewe na hiyo nyota yako mtakuja kumtoa?"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Nilimtazama Baba. Alikuwa amekaa mstari wa mbele na koti lake la Jumapili, uso umeelekea mbele moja kwa moja kwa sababu pembeni hapakuwa na kitu tena. Watu waliodhani anawasikiliza kwa makini kuliko wote walikuwa wakizungumza mahali asipowaona. Akatikisa kichwa kidogo sana. Nisiseme.

Basi nikasema ni kwa ajili ya elimu. Hapo ndipo hoja yangu ilipokufa na kuzikwa. Mwenyekiti alitoa muhtasari: wananchi wamekataa, amani idumu, na zaidi ya hayo, alimalizia akikunja miwani, hata wangekubali ingekuwa vigumu, maana hakuna anayejua swichi ya hiyo taa iko wapi. Tulikuwa tumejadiliana tangu watu watoke kanisani juu ya kuzima taa ambayo hakuna mtu wa kuizima. Tukafunga kwa maombi.

Likabaki tumaini moja, nalo ni stima kupotea yenyewe. Hili lilinipa moyo, kwa kuwa stima ya kwetu haijawahi kutuangusha katika suala la kupotea. Inapotea ukiwa umepiga pasi mkono mmoja wa shati. Inapotea ukiwa na povu kichwani. Inapotea mechi ikiwa penalti, ikarudi wachezaji wakiwa wanaoga.

"Siz, relax," ndugu yangu alinituliza. "Hii stima mi naijua. Lazima ipotee."

Usiku wenyewe wa vimondo haikupotea. Haikuyumba. Sijawahi kuona umeme ulionyooka namna ile. Nadhani hata balbu ya choo cha nje, iliyoungua tangu mwaka juzi, ilifikiria kuwaka. Tulitandika mkeka nyuma ya ukumbi, mahali palipokuwa na kivuli cha ukuta, mimi na Baba na ndugu yangu, tukaangalia juu. Mbingu ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Ile?" Baba akauliza.

"Hiyo ni ndege, Baba. Inatua."

Tukangoja. "Na ile?"

"Ni hiyohiyo. Bado inatua."

"Nyota zimekuwa chache siku hizi," akasema. Alisema hivyo kunifariji mimi. Nilijua ananifariji, naye alijua kwamba najua, na nikatamani kuupiga ule mlingoti kwa jiwe kama mtoto.

Kesho yake usiku tulikuwa mezani, ugali na samaki wa yule yule mama aliyenishinda barazani, kwa sababu hasira ni hasira na samaki ni samaki. Ndugu yangu alikuwa amelala kwetu. Nilikuwa nimeshamwambia Baba kwamba vimondo havikatiki siku moja, leo bado vipo, ingawa ndani yangu nilikuwa nimekata tamaa. Na hapo stima ikapotea.

Nyumba zote za Kaloleni zilitoa ule mguno wetu wa pamoja, "Aaaah!", mguno uliofanyiwa mazoezi kuliko wimbo wowote wa kwaya. Nyumbani kwetu Baba alisimama akapiga kelele, "Haleluya!" Kiti kikaanguka nyuma yake.

Tulijua hatuna muda. Stima ikipotea kwetu inaweza kurudi kabla hujapata kiberiti, au ikarudi baada ya wali wa kwenye friji kuota ukungu. Ndugu yangu akanyakua mkeka, mimi nikamshika Baba mkono, tukatoka mbio kuelekea uwanjani.

Kosa letu lilikuwa hilo la kukimbia. Eastlands watu watatu wakikimbia gizani hakuna anayewauliza. Mtu mmoja, kwa nia njema kabisa, alipaza sauti, "Mwizi!" Milango ikafunguka. Tulipofika katikati ya uwanja tayari tulikuwa na mtaa mzima nyuma yetu, watu na miiko ya ugali, watu na fimbo za mifagio, kina mama na vitenge, kila simu ikiwa imewashwa tochi. Mwenyekiti wa Nyumba Kumi alikuja mbele kabisa akiwa na rungu mkono huu na tochi kubwa ya betri mkono huu.

"Wako wapi?"

"Nani?"

"Wezi."

"Hakuna wezi, mwenyekiti. Tumekuja kuangalia vimondo."

"Bado hiyo maneno?" Alivunjika moyo waziwazi. Rungu lilishuka taratibu.

Kabla hajamaliza kulishusha, kimoja kikapita. Kikubwa, cheupe, kilichotoka juu ya mapaa ya mabati kikakata mbingu mpaka nusu. Mtaa mzima ulikiona, isipokuwa mmoja. "Weeee!" watu wakapiga ukelele. "Umeona? Umeona hiyo kitu?" "Imeenda wapi?" "Imeanguka Makadara!"

Hapo mwenyekiti akafanya jambo ambalo nitalikumbuka mpaka siku yangu ya mwisho. Aliinua tochi yake kubwa, akailenga angani.

"Hebu mulikeni pale," akaamuru, "tuone vizuri."

Na wakamulika. Wote. Tochi zote za Kaloleni ziligeuka juu, watu wakisukumana kusaidia, huyu akisema leta yako hapa ina moto zaidi, yule akipiga picha kwa flashi. Hatukuzoezwa vingine. Tumelelewa chini ya mulika mwizi, tunajua kwamba kitu kisipoonekana ni kwa sababu hakijamulikwa vya kutosha. Nilisimama pale, mwalimu wa sayansi, nikiangalia watu ninaowapenda wakizitafuta nyota kwa tochi za simu.

Ningecheka, lakini katikati ya mwanga huo alikuwa Baba. Kila tochi iliyopita ilimpiga usoni. Alikuwa akipepesa macho, kichwa kinageuka huku na huku, mikono mbele. "Zimepita?" alikuwa akiuliza. "Mama, zimepita?"

"Zimeni tochi!" nilipiga kelele. Hakuna aliyesikia. "Zimeni! Baba yangu anapofuka! Anapofuka, mnanielewa? Alitaka aone moja tu, moja, na hamtaki kumpa giza!"

Safari hii walisikia. Baba aliinamisha kichwa. Nilikuwa nimevunja ahadi yangu mbele ya kila mtu ambaye Baba hakutaka ajue, na kwa kweli wakati ule sikujali.

Mama wa samaki ndiye aliyesogea kwanza. Jiko lake lilikuwa bado linawaka makaa pale chini ya mlingoti. Alichukua karai lake kubwa, akamwaga mafuta ya jioni nzima kando ya mtaro, akalifunika jiko nalo.

"Mnangoja nini?" akatuuliza sote. "Si mwalimu amesema muzime?"

Tochi zikazimika moja moja. Ya mwisho ilikuwa ya mwenyekiti, swichi ikagoma, akaipiga kiganjani, ikagoma, mwishowe akaivundika ndani ya koti na kuikalia.

Giza likaingia. Upande wa Industrial Area kulikuwa na mwanga kidogo, viwanda vina jenereta na havina muda na nyota, lakini juu yetu palifunguka nyota ambazo sikuwahi kuziona Kaloleni, nyingi mpaka nikaona aibu ya ile michoro yangu ya ubaoni. Kilimia, kile kikundi cha nyota ndogo, kilikuwa pale, kimekusanyika. Mtu mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Kumbe zote hizi hukaa hapa?"

Vimondo vikaanza kuonekana. Kimoja kushoto. "Ile!" Baba akageuka kushoto. Kimoja nyuma ya ukumbi. "Ile, mzee, ile!" Akageuka nyuma. Watu walitaka kumsaidia kwa moyo wote, na kila msaada ulimfikia umechelewa, kwa maana kiduara chake kilifika kila mahali wakati kimondo kimeshaondoka. Aligeuka na kugeuka mpaka akapepesuka. Ndugu yangu alimdaka.

"Siz, hivi hatutoboi," akaniambia kwa sauti ya chini. "Na hii stima ikirudi sasa, si basi?"

Nilikaa mkekani, nikamlaza Baba, kichwa chake mapajani mwangu. Nikakishika kichwa kwa viganja vyote viwili, nikakielekeza mahali pamoja kati ya nyota mbili zilizong'aa.

"Usigeuke tena," nikamwambia. "Hata wakipiga kelele. Hata nikipiga mimi. Ngoja hapohapo."

"Kama geti," akasema.

"Kama geti, Baba."

Watu wakaelewa. Hawakumwambia "ile" tena. Walianza kuviambia vimondo vyenyewe. "Pita hapo kati!" "Kulia kidogo, kulia!" "Haki hiyo imegonga mwamba!" Kijana wa kwaya, yule wa kutubu, alikuwa amepiga magoti na sidhani alikuwa akitubu. Kisha kelele zikapungua. Bila kupangana watu waliacha kuangalia juu, wakawa wanamwangalia yeye, kichwa cha mzee mikononi mwa binti yake, macho wazi. Mimi pia. Niliyajua macho yale tangu yalipokuwa yakinitisha nisile sukari ya chai, na niliyatazama nikiomba, mimi nisiyeomba sana, niliomba nimeuma meno.

Ngozi ya mashavu yake ikavutika chini ya vidole vyangu.

"Hiyo," akasema.

"Umeiona?"

"Hiyo hapo. Inaenda." Hakupepesa macho. "Imeenda."

Mwenyekiti aliangaza huku na huku. "Nani mwingine ameiona?" akauliza. Hakuna. Watu wote wa Kaloleni, ambao huona binti wa jirani akishuka boda boda saa sita za usiku na kujua alikotoka, hawakuona kitu. Tulikuwa tunamwangalia yeye. Shahidi hakuwepo hata mmoja.

Nilitaka kuuliza. Ndiyo kazi yangu, kuuliza ushahidi. Akanitangulia. Alisema ilikuja polepole, haikuwa na haraka, ilikuwa na kijani pembeni, ilikatika kidogo kisha ikaungana, ikamalizikia chini ya ile nyota ya kulia. Vimondo vya Desemba huenda polepole kuliko vingine, hilo nalifundisha. Bila shaka angeweza kuwa anakumbuka vya zamani, vya getini. Niliwaza hivyo kwa muda mfupi sana, nikaliacha wazo.

Baba alifumba macho.

"Basi," akasema. "Twende."

"Viko vingi bado, Baba. Bado kuna giza."

"Najua."

Stima ikarudi tukiwa tunamwinua. Ule mlingoti ukawaka kwa mkupuo, uwanja ukawa mweupe, na kutoka mitaa yote ya jirani ukapanda ukelele wetu wa siku zote, "Imerudiii!", Makongeni wakashangilia, Bahati wakashangilia. Waliokuwa nasi uwanjani hawakushangilia. Walisimama na fimbo zao za mifagio, hawajui waziweke wapi.

"Baba, fungua macho," ndugu yangu akamwambia. "Mwangaza iko. Utajikwaa."

"Nitajikwaa," Baba akakubali. Hakufungua. Tulimshika huku na huku, watu wakatupisha njia, akajikwaa mara kadhaa, akafika nyumbani.

Asubuhi alifungua macho kama mtu yeyote, akasema chai haina sukari. Mtaa uliojua sasa haukumcheka kama alivyohofia. Ulianza kumletea samaki asiye na miiba na ushauri usioisha. Kiduara kilijifunga taratibu, na kabla ya mvua za masika kwisha kilikuwa kimekwisha chenyewe. Siku hizi wageni humwuliza, kwa ile huruma isiyo na adabu, ni kitu gani cha mwisho alichokiona duniani. Huwajibu bila kufikiri kwamba ni nyota. Nyota ya kijani, iliyokuja polepole. Wageni hufuta machozi.

Ni uongo mtupu. Baada ya nyota ile aliona Krismasi, akaona mwaka mpya, akaona mheshimiwa amerudi na fulana nyingine. Na kila asubuhi, hata pale kiduara kilipobaki kama tundu la ufunguo, aliniona mimi, nimemwinamia kumtia matone, uso wangu juu ya uso wake, karibu kiasi kwamba hapakuwa na kingine cha kuona. Mpaka asubuhi moja alipouliza kwa nini bado sijawasha taa, na mimi nilikuwa nimeshamwinamia. Cha mwisho alichoona ni mimi. Hesabu iko wazi, haihitaji mwalimu.

Nimesahihisha madaftari ya watoto wa watu maisha yangu yote. Wageni wakimwuliza, mimi humimina chai, na jibu lake naliacha lilivyo.